Uzoefu wangu: priamplifaya ya valvu tamu, lakini ilikuja na kelele zake

Naandika haya kwa anayetaka kununua priamplifaya ya valvu ya bei nafuu kwa ajili ya santuri, yaani mashine inayokuza sauti dhaifu ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa kutumia valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), na kwa yule ambaye keshanunua na sasa anajiuliza mbona spika zinavuma. Yangu niliiagiza mtandaoni. Jina la kiwanda nalihifadhi, maana mashine za mtindo huu ziko nyingi sokoni chini ya majina tofauti na ndani zinafanana sana. Ina valvu tatu za ECC83, zile ambazo Wamarekani huziandika 12AX7. Mbili za mwanzo hukuza sauti inayotoka kwenye sindano, kisha inafuata volyumu, halafu valvu ya tatu inayosukuma sauti kwenda kwenye amplifaya.

Nianze na sifa yake, kwa sababu bila hiyo nisingehangaika nayo. Santuri za dansi za mzee wangu zimefufuka. Sauti ya mwimbaji inakaa mbele, magitaa yanaachiana nafasi, tarumbeta haichomi masikio hata ukipandisha. Sasa inua sindano, acha volyumu hapo hapo, usikilize: mvumo mzito chini, na juu yake kitu kinatatarika upande wa kulia kila baada ya muda.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja, badilisha valvu. Tena siyo valvu yoyote, tafuta Telefunken za zamani za Ujerumani au Mullard za Uingereza. Ukiuliza bei, unakuta valvu tatu za namna hiyo zinaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe. Muuzaji naye alijibu hivyo hivyo: valvu zimechoka, nunua nyingine kwake.

Nikaibeba mashine hadi Kariakoo kwa fundi mmoja mzee aliyeanza kazi enzi za redio za valvu. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza habari za Telefunken. Akanikatiza.

"Marahaba. Mwanangu, kelele iko upande gani wa volyumu?"

Sikuwa na jibu, akaniambia nikaisikilize tena nyumbani. Na kwa kweli hilo ndilo swali ambalo ningemtaka kila mwenye mashine hii ajiulize kabla ya kutoa senti. Ukipandisha volyumu na kelele ikapanda nayo, chanzo kiko kabla ya volyumu. Ukiishusha hadi mwisho na kelele ikabaki vilevile, chanzo kiko baada yake. Kwangu mvumo ulipanda na kushuka pamoja na volyumu, ila kule kutatarika hakukujali kitu. Maana yake nilikuwa na magonjwa mawili yasiyohusiana, na valvu mpya mbili za mwanzo zisingegusa lile la pili hata kidogo.

Kutatarika kulikwisha kwa urahisi. Naishi Kigamboni, na hewa ya bahari haina huruma na shaba. Nilizima, nikachomoa plagi ukutani, nikaacha ipoe, nikang'oa valvu ya tatu: miguu yake ilikuwa na utando, na kwenye soketi kulikuwa na ukijani. Nilisafisha kwa spiriti ya isopropili na brashi ndogo, nikaichomeka na kuichomoa mara kadhaa ili vyuma visuguane. Plagi za RCA, zile za nyaya za sauti, nazo nilizifuta. Kimya.

Mvumo ndio uliotaka kazi. Hapa inabidi uelewe kwa nini priamplifaya ya santuri inateseka kuliko mashine nyingine. Katriji ya kawaida ya sumaku, kile kichwa kinachobeba sindano, inatoa kama milivolti 5 tu. Kwenye hezi 1,000 mashine inaikuza kama mara 100. Lakini santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, kwa hiyo mashine lazima iirudishe kwa kufuata mkunjo wa RIAA, kile kipimo cha pamoja cha santuri, na kwenye hezi 50 nyongeza hiyo ni karibu desibeli 17, yaani mara saba zaidi. Zidisha: umeme wa hezi 50 ukijipenyeza pale mwanzo unakuzwa karibu mara 700. Maikrovolti 10, kitu ambacho mita ya kawaida haioni, zinatoka zikiwa milivolti 7. Umeme wetu wa ukutani ni hezi 50. Umeona balaa lenyewe.

Nilichomoa pleya ya santuri, nikaweka plagi za RCA ambazo ncha yake ya katikati imelehemiwa na ganda la nje, ili mlango wa kuingilia sauti uwe umefungwa kabisa. Mvumo ukapungua sana, lakini haukuisha. Kwa hiyo sehemu ilitoka nje na sehemu ilizaliwa ndani.

Ile ya nje ilikuwa mzunguko wa ethi. Amplifaya yangu ina plagi ya pini tatu, priamplifaya ina pini tatu, na king'amuzi cha televisheni kimeunganishwa na dishi la nje. Ethi zikikutana kwa njia zaidi ya moja, mkondo mdogo unazunguka kupitia nyaya za sauti. Kuchomoa kebo ya dishi kulipunguza mvumo papo hapo. Nikahamishia priamplifaya na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na waya mwembamba wa ethi wa pleya, ambao ulikuwa umelegea, nikaukaza vizuri kwenye skrubu yake nyuma ya mashine. Wapo watakaokwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi, mvumo utaisha. Ni kweli, mara nyingi utaisha. Ila ndani ya sanduku hilo la chuma kuna volti karibu 300, na siku transfoma ikivuja, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa ni wewe. Usikate.

Kwa ile ya ndani nilitumia laptopu inayotumia betri, chaja ikiwa imechomolewa ili nisijiongezee mzunguko mwingine wa ethi, pamoja na kadi ya sauti ya USB na programu ya bure ya Audacity. Ukirekodi ule mvumo na kuutazama kwenye grafu ya masafa unaona vilele. Kilele cha hezi 50 hutokana na umeme usiosafishwa: hita za valvu (nyuzi zinazoipasha valvu moto ndani), au uga wa sumaku wa transfoma. Cha hezi 100 hutoka kwenye umeme uliopita kwenye rektifaya, ile sehemu inayogeuza umeme geu kuwa wa mwelekeo mmoja, na mara nyingi huashiria kapasita za kusafishia zilizochoka. Changu kilikuwa 50, kirefu, na 100 kidogo pembeni yake.

Nikarudi Kariakoo. Fundi aliifungua, na kabla ya kugusa chochote akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, wa kulia akashika rezista yenye klipu na kunyonya chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa, kisha akapima kwa mita hadi namba zikafika chini kabisa. Kapasita hizo zinaweza kuua hata mashine ikiwa haijachomekwa. Kama hujui kufanya hivyo, kazi ya ndani mwachie fundi.

Ubaya ulionekana kwa macho. Nyaya za hita, zinazobeba volti 6.3 za umeme geu, zilipita zimenyooka sambamba na waya wa kuingizia sauti, na upande mmoja wa hita umefungwa moja kwa moja kwenye chesisi, lile sanduku la chuma. Fundi akazisokota pamoja kama kamba, akazibana kwenye kona ya chesisi mbali na waya wa sauti. Ule muungano wa chesisi akaukata, akaweka rezista mbili za omu 100, moja kila upande wa hita, na sehemu zinapokutana akaipa volti kama 40 chanya kutoka kwenye umeme mkubwa, kupitia rezista mbili za kugawanya na kapasita moja. Hita ikiwa juu kivolti kuliko kathodi, ile sehemu ya valvu inayotoa elektroni, elektroni za hita hazirukii kwenye kathodi kuleta mvumo. Vitu vyote hivyo bei yake haifiki ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ufundi wake nilimlipa vizuri na kwa furaha.

Baada ya hapo ndipo valvu zikapata zamu. Unazigonga taratibu kwa upande wa kifutio wa penseli mashine ikiwa inawaka. Moja ya mbili za mwanzo ililia "tiing" kwenye spika, yaani inanasa mtikisiko kama maikrofoni. Hatukuitupa, tuliihamishia nafasi ya tatu, ambako kilio chake hakikuzwi tena kiasi hicho, na ile ya tatu ikaja mbele.

Kilichobaki ni "shhh" nyembamba, unayoisikia ukiweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Hiyo ni hali ya ECC83 na rezista zake za kilo-omu 100, na santuri yenyewe inachakacha zaidi ya hapo. Nimeiacha.

Kwa sauti naipa nne kwa tano. Kwa namna ilivyounganishwa kiwandani, mbili. Ukitaka kuinunua, mwombe muuzaji picha ya ndani kabla ya kulipa, utazame nyaya mbili za hita zinazofika miguu ya 4, 5 na 9 ya kila valvu. Zikiwa zimenyooka bila kusokotwa, omba apunguze bei, pesa hiyo ukampe fundi.