Katori 90: sake ya ukoo wa Terada

Katika mji mdogo wa Kozaki, mkoani Chiba nchini Japani, ukoo wa Terada umekuwa ukitengeneza sake, pombe ya Kijapani ya mchele, tangu miaka ya 1670, na kiwanda chao, Terada Honke, sasa kinaongozwa na kizazi cha 24. Katika sake zao zote, ninayoipenda zaidi ni Katori 90, ingawa sidhani kama itampendeza kila mnywaji.

Nambari hiyo ina maana kwamba asilimia 90 ya punje hubaki baada ya mchele kukobolewa. Watengenezaji wengi wa sake za daraja la juu huondoa nusu ya punje au zaidi, kwa sababu mafuta na protini za tabaka la nje hufunika harufu nyepesi ya matunda wanayoitafuta. Terada hawaitafuti harufu hiyo. Mchele wao, uliolimwa bila dawa za viwandani, hukobolewa kiasi kile kile cha mchele wa kula nyumbani. Msimamo huu ulianza katika miaka ya 1980, pale Keisuke Terada, mkuu wa kizazi cha 23, alipougua sana matumbo, akaanza kutafakari tofauti kati ya kuoza na kuchachuka, kisha akabadilisha utengenezaji wote wa kiwanda.

Siri kubwa imo katika kianzio, yaani mchanganyiko wa kwanza ambamo chachu hukuzwa. Mchele una wanga, hauna sukari ya kutosha kulisha chachu, hivyo kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari, ambayo kimea cha ulezi hufanya katika mbege, hapa hufanywa na koji, yaani ukungu unaooteshwa kwa takriban siku mbili juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Ufundi huu wa koji uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2024. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vingi hutia asidi ya laktiki iliyo tayari, na kianzio hukamilika kwa wiki mbili hivi. Terada hufuata njia ya zamani iitwayo kimoto: mchele, koji na maji hutiwa katika mabeseni mapana ya mbao, na wafanyakazi huviponda kwa miti mirefu huku wakiimba pamoja nyimbo za kazi, ambazo huwapa mwendo na kuwapimia muda. Baada ya hapo husubiri bakteria wa asili watoe asidi wenyewe na kuwashinda vijidudu waharibifu, ndipo chachu ishike kazi. Kusubiri huko huchukua karibu mwezi mzima, na ninaamini kabisa kwamba huonekana ndani ya gilasi.

Sake hii ina rangi ya manjano hafifu, harufu ya pumba na wali uliopoa, na uchachu ulio wazi unaokaribia mtindi, ukifuatwa na utamu mzito wa nafaka unaokaa mdomoni kwa muda mrefu. Aliyezoea sake laini kama maji huenda akaiona kali mno, na huyo nisingempa kabisa Musubi, sake yao ya mchele usiokobolewa uliochipuzwa, ambayo uchachu wake ni mkali zaidi.

Ikiwa baridi sana, Katori 90 hujifunga na kubakiza uchachu tu. Ni afadhali kuweka chupa ndogo ya udongo katika maji ya moto hadi kinywaji kifikie joto la uvuguvugu, kisha kuinywa pamoja na samaki wa kuchoma mwenye mafuta mengi, kwani uchachu wake huyakata mafuta hayo vizuri sana.