Intaneti ya laini nyumbani: rauta ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama waya wa faiba umepita mtaani kwenu na fundi yuko tayari kukuvutia, vuta, wala huna haja ya kuendelea kusoma. Haya ni kwa wenzangu wa pembezoni mwa Dar es Salaam na miji mingine ambako faiba haijafika.

Kabla ya rauta, yaani kifaa kinachopokea intaneti ya laini na kuisambaza nyumbani kwa Wi-Fi, chagua mnara wa mtandao unaoshika vizuri kwako. Azima laini za majirani: Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel. Zipitishe moja moja kwenye simu ile ile, mahali pale pale rauta itakapokaa, kati ya saa mbili na saa nne usiku mtaa mzima ukiwa unaangalia video. Kasi utakayoiona asubuhi watu wakiwa kazini itakudanganya. Kwenye Android, ndani ya mipangilio, sehemu ya hali ya laini huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi ambayo ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 ni safi, -100 inavumilika. Ikishuka hadi -115, rauta ya sebuleni haitakusaidia, hata iwe ya bei gani.

1. Rauta ya 4G inayokubali laini zote

Hii ndiyo ningeshauri kwa nyumba nyingi, ingawa si ya kasi kuliko zote. Mtandao ukizidiwa au ukipandisha bei ya bando, unabadilisha laini tu, jambo ambalo rauta iliyofungiwa laini za kampuni moja haikuruhusu. Ukiweza, chukua Cat 6 badala ya Cat 4 (haya ni madaraja ya kasi ya rauta za 4G). Cat 4 huishia Mbps 150 kwenye makaratasi, Cat 6 Mbps 300, kwa kuwa huunganisha masafa mawili ya mawimbi kwa pamoja. Hutaziona kasi hizo nyumbani, ila usiku wenye foleni tofauti utaihisi. Geuza rauta uone kama nyuma ina matundu ya antena ya nje. Za mtumba kutoka Japani au Marekani ni rahisi, lakini nyingine hazishiki masafa yote ya huku, kwa hiyo usilipe mpaka umechomeka laini za mitandao miwili tofauti pale pale dukani.

2. Rauta ya 5G ya kampuni

Vodacom walianza 5G nchini mwaka 2022, Airtel wakafuata 2023. Mnara ukiwa karibu, hakuna ya kuifikia humu. Nimeishusha nafasi ya pili kwa sababu mara nyingi 5G hutumia masafa ya juu, na hayo hayapendi kuta za tofali wala bati. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kupata matokeo tofauti kabisa. Ukiipata, chukua kifurushi kinachopimwa kwa kasi, si kwa GB. Piga hesabu: video ya HD hula kama GB 3 kwa saa, kwa hiyo televisheni moja, saa tatu kwa siku, ni GB 270 kwa mwezi, na watoto hawajashika simu bado. Hata kikiandikwa "bila kikomo", soma masharti: vingi hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani.

3. Rauta ya kufunga nje

Hukaa juu ya paa au kwenye nguzo, ikiutazama mnara, na waya mmoja huteremsha data na kupandisha umeme. Kwa aliye mbali na mnara hii inaruka hadi nafasi ya kwanza. Tatizo lake ni gharama ya fundi, na kwamba ndani utahitaji kifaa kingine cha kusambaza Wi-Fi.

4. MiFi

Ni rauta ndogo ya mfukoni yenye betri yake. Inafaa kwa msafiri au aliyepanga chumba kimoja. Sifa yake kubwa ni betri umeme ukikatika, lakini rauta nyingi za volti 12 nazo huendeshwa na UPS ndogo (betri ya akiba) kwa saa kadhaa. Familia ya watu sita itaichosha.

Modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta sihesabu kabisa.

Chochote utakachochagua, sajili laini ya peke yake kwa ajili ya rauta. Ukitumia ile ya M-Pesa, simu zako hazitaingia, na ujumbe wa miamala utaishia ndani ya rauta.