Ukinunua Pikipiki Iliyotumika, Anza na Shingo

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: mmoja yuko Molo, mwingine Ahero, wa tatu hapa hapa Nakuru mtaa wa Section 58. Wana kama elfu tisini, wanataka pikipiki yao ya kwanza, na ya dukani haishikiki kwa pesa hizo. Wameniuliza kuhusu cc, wameniuliza inakunywa mafuta kiasi gani, wameniuliza imetembea kilomita ngapi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu shingo, pale fremu inaposhika usukani. Nami siku yangu sikuuliza.

Yangu ya kwanza niliinunua Kisumu, upande wa Kondele, kwa broka. Nilitoa shilingi 82,000. Rangi ilikuwa inang'aa, tairi zote mbili mpya, injini ikishika kwa teke moja. Nilikwenda na makanika. Alisikiliza injini, akatoa plagi akaiangalia, akakagua cheni, akanipa ishara kwamba mambo ni sawa. Nikalipa, nikaipakia kwenye pikapu hadi Nakuru. Jumatatu nikaipanda kwenda shuleni, barabara ya Njoro. Ilipofika kasi ya 50 usukani ulianza kutikisika, mwanzoni kidogo tu, halafu kwa nguvu hadi viwiko vikauma. Nilipopunguza mwendo ukatulia. Nikiongeza, unarudi.

Fundi wangu wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru alivua kiti, akafungua nati ya tenki, akalinyanyua na kuliweka juu ya gunia. Akamulika kwa simu pale mabomba ya fremu yanapokutana chini ya usukani. Rangi nyeusi pale ilikuwa nene kuliko kwingine kote. Akaikwaruza kwa ncha ya bisibisi, ikabanduka pati ya kijivu, ile wanayozibia mabodi ya matatu, na chini yake ukatokea mshono wa kuchomelea uliovimba kama kovu la moto.

"Mwalimu," akasema bila kuniangalia, "hii shingo ilikatika."

Aina ya pikipiki ile siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Aliyekosea ni aliyeigonga, aliyeichomelea, na yule aliyepaka pati na rangi juu yake akijua kuna mtu atakayeipanda.

Shingo ninayoizungumzia ni lile bomba fupi la mbele ya fremu ambamo mhimili wa usukani hupita. Gurudumu la mbele, shoki, usukani na mikono yako miwili vyote vinashikiliwa hapo. Pikipiki ikigonga gari uso kwa uso, pigo linafikia hapo. Ikibebeshwa magunia mawili ya viazi kila siku kwenye barabara ya mashimo, uchovu wa chuma unakusanyika hapo. Injini mbovu itakuacha kando ya barabara ukisubiri fundi. Shingo iliyokatika itakuangusha ukiwa katikati ya malori ya Salgaa. Injini inafunguliwa na kufungwa upya. Shingo iliyoungwa na kibanda cha kuchomelea haiwi tena kama ilivyotoka kiwandani, kwa maana moto umeshabadilisha ugumu wa chuma kando ya mshono, na mara nyingi fundi ameunganisha kwa macho tu, bila kipimo.

Basi nenda mchana. Beba simu yenye tochi, sumaku ndogo ya spika iliyokufa, uzi mrefu wa mwashi na mtu mmoja wa kukusaidia.

Mwombe muuzaji avue kiti na tenki. Kwenye Boxer, ile pikipiki ya Bajaj, kazi hiyo haifiki dakika kumi. Akikataa, ondoka. Akisema tenki limekaza, au fundi hayupo leo, ondoka vile vile. Tenki likishatoka, tazama mishono ya shingo. Mshono wa kiwandani una mapindo madogo yaliyolingana, kama magamba ya samaki, upande wa kushoto ukifanana na wa kulia. Mshono wa kurudia una vinundu, una matone ya chuma yaliyoruka pembeni, na pande mbili hazifanani. Pitisha sumaku polepole. Ikishika kila mahali kisha ikalegea sehemu moja, hapo kuna pati. Rangi mpya shingoni wakati sehemu nyingine za fremu zimechakaa ni sababu tosha ya kurudi nyumbani na pesa zako.

Kisha chini ya usukani tafuta vile vipande vidogo vya chuma vinavyouzuia usizidi kugeuka. Viko upande wa kulia na wa kushoto. Kimoja kikiwa kimepinda au hakipo, pikipiki hiyo iliwahi kugonga kitu kwa nguvu, na gurudumu likazungushwa kupita mpaka wake.

Sasa isimamishe kwa stendi kubwa, msaidizi akandamize nyuma hadi gurudumu la mbele lielee. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Uteleze kama mlango uliotiwa mafuta. Ukinata katikati, beringi zimekwisha. Shika miguu ya shoki kwa chini, vuta na usukume. Ukisikia ko-ko, kuna ulegevu. Beringi pekee si gharama ya kutisha na unaweza kuzitumia kupunguziwa bei. Zikiambatana na rangi mpya, usianze hata mazungumzo ya bei.

Uzi ni wa mwisho. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uulete mbele pande zote mbili ukigusa tairi hilo, usukani ukiwa umenyooka. Tairi la mbele la pikipiki hizi ni jembamba kuliko la nyuma, kwenye Boxer la mbele ni inchi 2.75 na la nyuma 3.00, kwa hiyo lazima ubaki mwanya mdogo kila upande. Mianya ikilingana, magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Upande mmoja ukigusa na mwingine kuachana, hakikisha kwanza kwamba gurudumu la nyuma halikufungwa upande wakati wa kukaza cheni. Kama halikufungwa vibaya, fremu imepinda.

Na kuna jambo la pili shingoni hapo hapo: nambari ya fremu imegongwa kwenye chuma chake. Isome kwa kidole na kwa macho, uilinganishe na logibuku, hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesagwa au imechomelewa juu yake, hilo ni jambo la polisi, na litakuwa lako siku utakapolipa.

Sasa ninunue ipi? Mimi ni mtu wa Boxer na sifichi. Boxer BM150 naiweka ya kwanza bila kusita. Injini yake ya cc 144.8 inapanda Mau Summit na watu wawili bila kulia, na vipuri vyake utavipata kila soko kutoka Gilgil hadi Busia. Kila fundi anaifahamu gizani. Lakini sababu yangu kubwa ni ile ile: fremu yake inakaguliwa kwa urahisi, na ikiwa imeharibika mafundi wanajua kukuambia ukweli kwa sababu wameziona nyingi. Hizi nilizoonyeshwa Nakuru karibuni, zenye hali ya kueleweka, zilikuwa kati ya 85,000 na 120,000. Tafuta ya mwalimu, ya mchungaji, ya mkulima aliyekuwa akipelekea maziwa kwenye chama cha ushirika. Iliyofanya kazi ya boda utaitambua hata ikiwa imeoshwa: kwenye usukani kuna michubuko palipofungwa mwavuli, raba za kukanyagia abiria zimeliwa hadi chuma, na nyuma kuna matundu ya keria ndefu. Siidharau boda, imesomesha watoto wa ukoo wetu. Nasema tu kwamba pikipiki iliyobeba watu watatu na gunia la mkaa kwa miaka minne ikaguliwe shingo mara mbili.

Ya pili ni TVS HLX 125. Kiti chake ni laini, haili mafuta, na huku magharibi imejaa kila mahali, kwa hiyo vipuri si shida. Kwa mtu wa Ahero, tambarare yote ile hadi Kisumu, ningesema hata Boxer ndogo, BM100, inamtosha na atabakiwa na pesa ya kofia nzuri.

Honda ya cc 125 ni ya tatu. Injini yake ni tulivu na inadumu, ila vipuri halisi ni ghali, na ukitoka mjini utaambiwa usubiri.

Kuna hizi ndefu za mashamba na mashirika zinazouzwa kwenye mnada, kama Yamaha AG100. Fremu zake ni imara, cheni imefunikwa kabisa hivyo haili vumbi, ina keria mbele na nyuma. Lakini injini ni ya mipigo miwili na inataka mafuta yake maalumu kila wakati, na kwa mtu anayejifunza sauti na moshi wake vinachosha. Si ya kwanza hiyo.

Za Kichina za bei ya chini, zile za 45,000: pitisha sumaku, itakwambia kama kuna pati. Mimi sinunui.

Kuhusu bei nina uchungu na nitausema. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na ndipo vijana wengi wakapata kazi. Halafu Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ikaweka shilingi 10,000 juu ya kila pikipiki, na kiwango hicho kimepandishwa tangu hapo. BM150 mpya sasa inakaribia laki mbili. Matokeo yake, iliyotumika nayo inapanda, hata ile ambayo ingestahili kuuzwa kwa kilo. Broka anaongeza elfu kumi kwa kazi ya kupiga simu mbili. Na yadi zinazouza zilizonyang'anywa watu walioshindwa na mikopo ndizo zinaniumiza zaidi: unaambiwa utazame bila kugusa, ulipe leo, kisha logibuku usubiri wiki sita. Nilikatazwa kufungua tenki katika yadi moja hapa Nakuru, mbele ya wateja wengine, kana kwamba nimeomba kuiba. Mtu anayeuza kitu cha elfu tisini anadaiwa dakika kumi na spana moja.

Malipo yafanyike siku ile ile mnapofanya uhamisho wa umiliki wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Muuzaji anaanzisha kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Ahadi ya "nitakufanyia wiki ijayo" usiichukue hata kutoka kwa jamaa.

Ukinunua Kisumu na unaishi huku juu, usishtuke ikipoteza nguvu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru zaidi ya 1,800, na Mau Summit juu zaidi ya hapo. Hewa inapungua, kabureta inaendelea kumwaga mafuta yale yale, plagi inakuwa nyeusi. Fundi atairekebisha. Kujifunza kwenyewe fanyia uwanja wa shule Jumapili, na leseni ya daraja la A2 mkononi kabla ya lami. Ukiteremka Sachangwan shuka na gia, usiining'inie breki.

Siku ya kuisafirisha, usiiendeshe. Ni karibu kilomita 180 kutoka Kisumu hadi Nakuru, juu ya chombo ambacho bado hakijakuonyesha tabia yake, pengine bima ya muuzaji imeisha. Kodi pikapu, tena gawana na mwenye mzigo anayerudi. Isimame wima, gurudumu la mbele likigusa ukuta wa pikapu, gia ya kwanza, bomba la mafuta limefungwa. Usikubali ilazwe: petroli itavuja na maji ya betri yatamwagika. Vijana watakuja na vipande vya blada, ambavyo ni vizuri kwa kreti za soda lakini vinavutika kila shimo. Dai kamba ya manila, mbili mbele na mbili nyuma. Za mbele zishike chini ya usukani, si kwenye ncha zake, na zivutwe hadi shoki zishuke nusu. Stendi ya pembeni ikunjwe, uzito wote ubebwe na kamba. Weka kitambaa kamba inapogusa tenki. Beba mkataba wa mauzo uliotiwa sahihi na nakala za vitambulisho, maana kizuizi cha polisi hakikosi. Pale Kericho simamisha dereva ukaze upya. Kamba mpya hulegea saa ya kwanza.

Ile yangu nilimpigia broka mara nyingi, simu ikazimwa. Niliuza injini, magurudumu na taa kama vipuri, nikapata 31,000. Fremu nilimlipa fundi aikate shingoni mbele yangu kwa mashine ya kusaga, ili asitokee mtu wa kuipaka pati tena.

Kwa wale watatu: mkiipata, nitumieni picha ya shingo kabla hamjalipa. Tenki limetoka, tochi imewekwa pembeni ili vinundu vitupe kivuli, picha moja kushoto na moja kulia.