Mrejesho: chumba cha karaoke Kobe na ile tableti yake ya a-i-u-e-o

Haya wadau, kuna mtu aliuliza kama mgeni ambaye Kijapani chake cha kuunga unga anaweza kwenda karaoke akafurahi, au ataishia kupiga makofi na kunywa juisi pembeni. Mi nimeenda Ijumaa na masenpai wangu 3, yaani wakubwa walionitangulia kazini, pamoja na kaka mmoja Mkenya, kwahiyo naandika huku koo bado linauma. Duka lipo karibu na stesheni ya Sannomiya hapa Kobe, Japani, ghorofa ya 6, jina sitaji maana huko chini nina lawama zangu.

Kwanza toa akilini ile karaoke ya baa za nyumbani, mtu kasimama mbele ya kadamnasi anauchinja wimbo wa watu na meza ya nyuma inazomea. Huku mnapewa chumba chenu mnajifungia, kuna tivii kubwa, sofa, maiki 2, tambarini, simu ya ukutani ya kuagizia vinywaji, basi, ukiharibu unaharibu mbele ya watu wako. Mtindo wa vyumba ulianzia Okayama mwaka 1985 na cha kwanza kilikuwa kontena la mizigo wamelibadilisha. Na mashine yenyewe, hapa hapa Kobe ndo Daisuke Inoue, mpiga muziki wa baa, alitengeneza ya kwake mwaka 1971 akawa anaikodisha, ila hataza hakuchukua, hela ndefu wakaja kula wengine. Hiyo senpai mkubwa alinisimulia kwenye lifti kwa huzuni kabisa kama anaongelea shamba la familia lililouzwa.

Sasa tuje kwenye tableti maana ndo hasa iliyonifanya niandike. Zamani ilikuwa kitabu kinene kama vile vitabu vya simu vya enzi zile, unafunua, unatafuta wimbo, unachukua namba unaibonyeza kwenye rimoti. Siku hizi kitabu kimeingia kwenye tableti, wengi wanaiita denmoku, na kila kitu kimepangwa kwa silabi ya mwanzo. Unagusa KA, zinashuka nyimbo zote zinazoanza na KA, unaongeza NA, zinapungua, unaongeza silabi ya 3 na hapo kawaida umeshafika. Hakuna herufi moja moja, ni silabi nzima nzima, yaani ba be bi bo bu ile ile tuliyokuwa tunaiimba darasa la kwanza mwalimu ameshika fimbo! Irabu ni zetu zile zile 5 na zinasomeka kama zetu, Mzungu hapo anahangaika kutamka sisi tunateleza tu. Kana, yaani hizo alama zao za silabi, za msingi ni 46, ukikaza wiki 2 3 unazishika, mi kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, bado zinanipiga chenga lakini hapa huzihitaji.

Ila usijiachie sana. Mpangilio wao ni a i u e o, sio a e i o u, na kichwa changu kimekariri cha shuleni, nikawa kila nikitafuta E naigonga I. Alafu safu zinakwenda A, KA, SA, TA, NA, HA, MA, YA, RA, WA, sasa mtu unatafuta wimbo unaoanza na BO unazunguka tableti nzima B huioni. B haina safu yake bwana, inaishi kwa H kama mpangaji, unagusa HO alafu unabonyeza kitufe cha vinukta viwili inageuka BO, ukitaka PO unaweka kiduara. G nayo iko kwa K, Z kwa S, D kwa T. Na L sahau, yote ni R, kwahiyo wale ndugu zetu wanaosema "kurara" badala ya "kulala" huku wako nyumbani.

Kingine ni urefu wa irabu. Sisi tunajua kupa na kupaa ni vitu viwili tofauti, nao hivyo hivyo, yuki ni theluji na yuuki ni ujasiri. Mi nilitaka wa ujasiri nikaandika kifupi, ukaja wimbo wa theluji wa polepole wa mapenzi yaliyokufa, na maiki ninayo mimi, na watu wameshaanza kutikisa tambarini. Nikaimba hivyo hivyo, ningefanyaje.

Na aibu nyingine hii hapa. Kuna ule wimbo wa Kyu Sakamoto ambao dunia nzima inauita Sukiyaki, ule uliokaa namba 1 Marekani mwaka 1963. Nikajiamini nikaenda kwenye SU. Masenpai wakacheka hadi mmoja akamwaga chai ya oolong, maana sukiyaki ni chakula cha nyama cha kwenye sufuria, na kwenye wimbo wote neno hilo halimo! Jina lake la kwao ni Ue o Muite Aruko, upo kwenye U. Niliingia choo cha kike mchana kweupe.

Lakini kitu kilichonifanya nisamehe yote ni kutafuta kwa utaidashi, yaani maneno ya kwanza kabisa ambayo mwimbaji anayaimba, sio jina la wimbo. Ni wazo la zamani hili, hata kwenye vile vitabu kila wimbo ulikuwa na kipande cha mstari wake wa kwanza pembeni. Sasa fikiria mgeni kama mimi, nyimbo nazisikia supamaketi na kwenye treni, jina la wimbo silijui, la msanii silijui, kichwani nina silabi 4 tu za mwanzo ambazo hata maana yake sijui. Nikaziandika kama nilivyozisikia, ukaja! Wimbo niliokuwa naunguruma nao jikoni tangu Machi, sina hata pa kuuanzia kuuliza watu, umekuja kwa silabi 4. Yule Mkenya akasema hii kitu ingefaa sana taarab na zilipendwa, na kweli, nani anakumbuka majina, wote tunasema "ule unaoanza hivi" alafu tunaimba.

Baadae wakaleta shiritori ya karaoke, mchezo wa kuunganisha maneno, wimbo wako lazima jina lake lianze na silabi iliyoishia jina la wimbo uliopita, na jina likiishia N umekwisha, maana Kijapani hakina neno linaloanzia hapo. Nikawaambia sisi tuna nta, nne, nchi, tungesonga mbele, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwahiyo kwa Kiswahili mchezo huu hauna wa kushindwa na mngelala hapo hapo. Hawakuamini wakataka mifano, tukapoteza dakika 10 za pesa tunafundishana Kiswahili.

Lawama sasa. Tableti yetu kioo kimechoka kwenye safu ya RA, unagusa RA inakupa YA, tukapiga simu wakaleta nyingine baada ya nyimbo 3. Chumba kinanuka sigara japo mlangoni kuna alama ya kukataza. Bei Ijumaa usiku ni ya kukomoa, masaa 2 na vinywaji vya kujichotea tulilipa yen 2,600 kila mtu, na lazima hiyo ya vinywaji uichukue utake usitake. Alafu dakika 10 kabla ya muda kuisha simu ya ukutani inalia wanauliza mnaongeza au mnatoka, ikatukuta mimi ndo niko katikati ya kiitikio.

Chakula msiagize, viazi vilikuja vya baridi.

Nawapa 7 kati ya 10, na hiyo 7 karibu yote ni ya utaidashi. Ukitaka unafuu nenda mchana siku ya kazi, kuna watu huwa wanaenda peke yao kabisa kufanya mazoezi na hakuna anayewashangaa. Mi Jumanne niko off, narudi na karatasi yangu ya silabi, naanza na KO.