Kamomili ya Kijerumani au ya Kirumi?

Ukishindwa kuzitofautisha aina hizi mbili za kamomili, mmea ambao maua yake hutengenezwa chai, pasua kichwa cha ua kwa ukucha: cha Kijerumani kina uwazi ndani, cha Kirumi kimejaa. Ya Kijerumani husimama hadi sentimita 60, huchanua kwa wingi, kisha hufa ndani ya mwaka, ingawa mbegu zake hudondoka na kujiotea zenyewe, hata pale usipozitaka. Kwa chai naichagua hii. Ladha yake ina utamu kidogo, na mafuta yake yakikenekwa, yaani yakitolewa kwa mvuke, hutoka ya buluu. Ya Kirumi hutambaa, huishi miaka mingi, na ukiikanyaga hunukia kama tufaha. Hiyo ifanye zulia la bustani. Chai yake ni chungu. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti aziepuke zote mbili.