Kadi za kufundisha watoto huruma, nimezitumia na haya ndo maoni yangu

Jamani nimekuja na mrejesho wa hizi kadi za sande skuli zinazofundisha mtoto kuwa karibu na mwenzake wa darasani mwenye maumivu, aliefiwa, anaechekwa, ambae wazazi wameachana na kadhalika. Kila kadi mbele ina andiko, nyuma swali moja na kitu kimoja cha kufanya wiki hiyo. Nimezitumia na mwanangu wa miaka 8 na pia kwa watoto ninaowafundisha kanisani.

Iliyonigusa kuliko zote ni ya Ayubu. Tumezoea tukifundisha huruma tunakimbilia Msamaria Mwema, na humu yupo, ila Ayubu 2 inaonyesha wale rafiki zake watatu walikaa nae chini siku 7 mchana na usiku bila kumwambia neno maana waliona huzuni yake ni kubwa mno. Walikuja kuharibu walipofungua midomo na kuanza kumtafutia makosa, mpaka sura ya 42 Mungu anawakasirikia. Kadi inamuuliza mtoto, unaweza kukaa na mwenzio bila kuongea?

Wiki hiyohiyo kuna mtoto darasani kwa mwanangu alikua amerudi shule baada ya kufiwa na baba, wenzie wanamkwepa, sio kwa ubaya, hawajui tu waseme nini. Wangu akahamia dawati lake. Nikamuuliza ulimwambia nini? "Sikumwambia kitu mama, alikua anafuta tu daftari mpaka likatoboka, nikachana karatasi kwenye langu nikampa." Nlikosa cha kusema.

Sasa ambacho sijakipenda, kuna kadi inamfundisha mtoto aseme "usilie, Mungu ana mpango". Hapana kwa kweli. Yesu alijua kabisa anaenda kumfufua Lazaro na bado alilia, Yohana 11:35, na Paulo anasema "lieni pamoja nao waliao", hajasema muwanyamazishe. Hiyo nimeitoa kwenye boksi.

Na kikubwa zaidi, hamna kadi hata moja inayomwambia mtoto afanyeje akipewa siri nzito, mwenzie anapigwa nyumbani, anaguswa vibaya au anasema anataka kufa, mtoto wa miaka 8 huo mzigo hauwezi jamani! Nimeandika ya kwangu kwa mkono, nikatumia Luka 10:35, maana hata Msamaria hakubaki na yule majeruhi peke yake barabarani, alimfikisha nyumba ya wageni akatoa dinari 2 akamkabidhi mwenye nyumba amtunze. Wanangu wa sande skuli sasa wanajua kumwambia mwalimu au mzazi kwenye mambo kama hayo sio umbea.

Nazipa nyota 4 kati ya 5. Kwa wadogo ambao hawajaanza kusoma maandishi ni mengi, utawasomea wewe, na usiwakimbize, kadi moja wiki nzima inatosha.