Walinihesabu kwenye picha, njiani hawakunihesabu

Nilijizuia wiki kadhaa nisiandike, maana nilijua nikiandika siku ileile yangetoka matusi. Nikasema hasira zipoe kwanza. Juzi mwenzangu wa klabu yetu ya joging akaniuliza kama namshauri aende na kampuni ileile niliyokwenda nayo mimi. Nilipofungua mdomo nimjibu, koo likakaba. Basi hazijapoa, na naandika hivyohivyo.

Ni zile safari za kukimbia kwa kundi, siku tano, kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kushuka mpaka Ziwa Natron, na mwisho kupanda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano. Bei, kilomita na aina ya mahema mtayaona wenyewe kwenye matangazo yao. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kuna kijana mmoja pale ambaye sitaki apoteze kazi kwa ajili yangu. Nitamfikia.

Fedha nilizolipa ni za kikoba, nimeziweka miaka miwili. Nina miaka 47, nakimbia karibu kila Jumamosi, na nusu ya Kilimanjaro Marathon nimeshaimaliza mara tatu. Mwendo wangu si wa kasi na sijawahi kumficha mtu. Kabla ya kulipa niliwaandikia wazi: barabarani natumia dakika 8 kwa kilomita, milimani sijui, je, nitawachelewesha wenzangu? Jibu lao bado ninalo kwenye simu: "Hakuna shida mama, kundi linakwenda kwa mwendo wa mtu wa nyuma kabisa." Kwa ujumbe huo ndipo nikalipa. Usingekuwepo, nisingelipa.

Siku mbili za mwanzo sina la kulalamika. Tulianzia Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti, tukapita Bulati, nyasi fupi, ng'ombe na punda kila upande, asubuhi baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tulikuwa watu kumi na mmoja, mwongozaji mkuu mbele, kijana msaidizi nyuma, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana kule hukimbii bila askari. Msitu wa Empakaai una nyati. Askari yule hakukubali mtu ampite wala mtu abaki. Akisimama, wote tunasimama. Nilidhani huo ndio utaratibu wa kampuni. Sasa naelewa kwamba tulikuwa pamoja kwa sababu ya nyati.

Siku ya tatu ndiyo ninayoiandikia.

Tuliamka ukingoni mwa Empakaai. Chini yako kuna shimo la upana wa kilomita kama sita, msitu umeshuka kuta zote, na katikati ziwa. Ukigeukia upande wa pili unamwona Lengai amesimama peke yake kama chungu kilichofunikwa, na nyuma yake Natron inang'aa. Mwongozaji mkuu akatuambia leo ni siku ya kuteremka tu, "leo miguu inajipeleka yenyewe". Kila mtu achukue lita moja na nusu ya maji, kwa sababu gari, ambalo huzunguka mbali kwa barabara, litakuwa linatusubiri chini na maji mengine na matunda.

Tulipopita Naiyobi mambo yakaanza kulegea. Tumetoka msituni, uwanda uko wazi, askari naye akaacha kuwabana watu. Kulikuwa na vijana wawili wenye mbio kali, wakamwomba mwongozaji mkuu awaachie wakimbie. Akakimbia nao, na askari akawafuata. Baada ya muda nikamwona kijana msaidizi, ambaye kazi yake ni kukaa nyuma, anaitwa kwa redio apande mbele amsaidie mmoja aliyeumia kifundo. Akanitazama, akasita. Redio ikaita tena kwa ukali. Akasema, "Mama, fuata njia hiihii ya punda, nakuja sasa hivi." Akaenda. Hakurudi, na baadaye nilijua kwa nini: alikatazwa kurudi.

Tulibaki wawili. Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Nakuru, mzee wa sitini na ushee, goti lake lilikuwa limevimba tangu asubuhi.

Anayeijua njia ile atanielewa. Ni majivu. Lengai alipolipuka mwaka 2007 na 2008 alimwaga majivu nchi nzima ile, na milima hiyo imekuwa ikimwaga majivu tangu zamani za kale. Punda na ng'ombe wameyasaga yakawa laini kama unga wa sembe. Ukikanyaga, mguu unazama mpaka kifundo, vumbi linapanda linaingia puani, na chini ya vumbi kuna mawe usiyoyaona. Njia zenyewe zinagawanyika kila baada ya hatua mia, zote za punda, zote zinafanana. Na joto: umeamka kwenye baridi ya mita zaidi ya 2,000, unateremkia bonde ambalo ziwa lake liko karibu mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Kila kona unayoshuka ni kama mtu anakufungulia mlango wa tanuri. Saa 8 mchana maji yangu yalikwisha. Mwalimu alibaki na nusu chupa akanigawia, na sitamsahau kwa hilo.

Saa 10 tulifika mahali tulipoonyeshwa kwenye ramani asubuhi kwamba gari litakuwepo. Gari halikuwepo. Kulikuwa na alama za matairi zinazogeuka, na maganda ya ndizi.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo pamoja na mimi. Maganda ya ndizi yalikuwa bado mabichi. Maana yake wenzetu walifika, wakala, wakanywa, wakapakia, wakaondoka, na katika watu wote wale hakuna aliyenyoosha kidole akahesabu moja mpaka kumi na moja. Dereva aliniambia usiku kwamba aliuliza, akajibiwa kwenye redio, "Wote wamepita, twende." Simu haina mtandao. Mwalimu akasema, "Dada, tukae chini kidogo, tusitembee tukiwa na hofu." Tukakaa kwenye kivuli cha jiwe. Nililia. Sikulia kwa uchovu.

Aliyetuokoa ni mama wa Kimasai aliyekuwa na punda watatu wenye madumu ya njano. Akanisalimu, "Takwenya," nikaitika, "Iko," maana askari alitufundisha siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, lakini aliona midomo yetu. Akateremsha dumu akatumiminia kwenye kifuniko, maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikanywa vifuniko sita. Kisha akamwita mwanawe, mtoto wa kama miaka kumi na miwili, akatuongoza kwa fimbo mpaka kwenye barabara ya magari. Fedha yule mama alikataa. Alichotaka ni chupa yangu tupu. Nilimpa zote mbili.

Tulifika kambini saa 2 usiku. Mwongozaji mkuu alikuwa mezani anakula supu. Hakunyanyuka. Nilimuuliza kwa nini ametuacha, akanijibu mbele ya watu wote: "Mama, hii si kazi ya kulazimisha. Ungebaki nyumbani ulee wajukuu. Kundi haliwezi kuharibikiwa kwa ajili ya mtu mmoja."

Mtu mmoja. Tulikuwa wawili, na mwalimu amesimama ubavuni mwangu ameshika goti. Hata hapo hakuhesabu.

Usiku ule nilishaamua: nyota moja, na ningekuwa na uwezo wa kutoa sifuri ningetoa. Ningeondoka asubuhi kama kungekuwa na usafiri. Hakukuwepo, nikabaki, na kilichofuata ndicho kinachonivuruga mpaka leo.

Siku ya nne walitupeleka Engaresero kuona nyayo. Sikuwa na hamu. Nikakaa pembeni, mpaka mwongozaji wa pale kijijini, mtu tofauti kabisa na hawa wetu, alipoanza kueleza. Ni nyayo za binadamu zaidi ya 400, zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, yakakauka yakawa jiwe, na zimekaa hapo maelfu ya miaka. Unaona vidole. Akatuonyesha misururu 17 inayoelekea upande mmoja, kusini-magharibi. Wataalamu waliipima na kusema yaelekea lilikuwa kundi moja lililotembea pamoja kwa mwendo mmoja, na wengi wao walikuwa wanawake: 14, na wanaume wawili, na kijana mmoja. Nyayo nyingine zinaelekea upande wa pili na mwendo wake umeachana, mmoja anatembea, mwingine anakimbia; hao hawakuwa pamoja. Nilimtazama mwongozaji wetu mkuu wakati haya yanaelezwa. Alikuwa kwenye simu yake. Nikamwuliza yule wa kijijini arudie ile sehemu ya wanawake 14, akarudia.

Usiku huohuo, saa 5, tukaanza kumpanda Lengai. Hakuna kukimbia pale, tuseme ukweli; unapanda kwa mikono na miguu, majivu na mwamba wa kuteleza, unapiga hatua mbili unarudi moja. Ndipo kijana msaidizi aliponifuata gizani akasema, "Mama, leo redio nimeizima. Nakaa na wewe." Alikaa na mimi saa sita. Alipanda mbele yangu akinichongea pa kukanyaga kwa kisigino. Kila mahali palipokuwa pabaya alisema, "Usitazame chini, tazama taa yangu." Aliniomba radhi ya siku ya jana yake mara moja tu, akanyamaza, na nilipenda kwamba alinyamaza.

Kulipopambazuka tulikuwa kileleni, mita 2,900 na kitu. Akanilaza kifudifudi nichungulie, maana kingo za shimo hazina kizuizi chochote. Harufu ya kiberiti iliyochomwa. Chini kabisa kulikuwa na vijiti vya moshi, na mlio kama sufuria ya maharage inayotokota na kifuniko juu. Kuna doa jeusi lilikuwa linatembea. Lava ya Lengai ni ya magadi, hakuna mlima mwingine duniani unaoitoa sasa. Haina moto mkali kama lava nyingine, ni nyuzi kama 500 hadi 600 hivi, inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, halafu ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe. Ndiyo maana mlima ule ukiutazama kwa mbali utadhani una theluji. Nyuma yetu kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya uwanda wote, pembetatu kamili. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Nilisali pale, na sioni haya kusema kwamba nilisema asante kwa sauti.

Nikashuka nimewasamehe. Kweli kabisa. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne, niseme kulikuwa na kasoro siku ya tatu lakini safari hii kila mkimbiaji wa Afrika Mashariki angeitamani. Nilimpa mkono hata yule wa supu.

Nimefika Dar, siku mbili tatu, naona wameweka picha ya kundi letu kwenye ukurasa wao. Ilipigwa asubuhi baada ya kushuka. Mimi niko katikati, nimevaa shuka nililonunua Engaresero, natabasamu, mwalimu yuko kulia kwangu. Chini yake wameandika: "Tulianza pamoja, tukamaliza pamoja. Hakuna anayeachwa nyuma."

Mikono ilitetemeka. Nikapiga simu ofisini, nikamweleza meneja yote, kuanzia maganda ya ndizi. Akanisikiliza, halafu akauliza: "Kwani mama, mwisho wa yote hukufika?" Nikamwambia nilifikishwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Akasema atanipa punguzo kwenye safari ijayo.

Sasa nishauri nini? Lengai nendeni, jamani, nendeni mkiwa na magoti bado. Na hawa msiende nao. Au, kama mtakwenda nao, ulizeni kwanza ni nani anakaa nyuma, na kama ana ruhusa ya kukataa akiitwa mbele. Wakisema ni yule kijana mrembamba mwenye kofia ya kijani, na kwamba redio ataizima, labda. Hapana. Mtu hawezi kulipa fedha zile akategemea kijana azime redio ya mwajiri wake. Msiende nao. Nyota moja inabaki.

Punguzo sikulitaka na silitaki. Nimewaandikia mara tatu naomba jambo moja: ile picha waiondoe, au chini yake waongeze kwamba siku ya tatu, saa 10 jioni, kundi lilikuwa na watu tisa. Leo asubuhi nimeangalia, bado ipo, na maneno ni yaleyale.